Masega yang'olewe au yabaki? Uchambuzi wa kisa cha pikapu moja ya dizeli

Mimi ni fundi wa kupima magari kwa kompyuta. Kisa hiki ni cha masega, yaani ule mkebe wa kusafisha moshi kwenye bomba la gari, na swali la kama yakiziba yang'olewe. Chapa ya gari hili, namba yake, jina la mji na majina ya wahusika nimeyaacha makusudi. Bei zimezungushwa kwenye elfu kumi ya karibu.

Gari na mwenye gari

Mwenye gari ni mfanyabiashara wa viazi na parachichi katika mji mmoja wa Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kule ambako Juni ikifika watu wanatembea na blanketi mabegani. Tumwite Mama K. Pikapu yake ni ya milango minne, injini ya dizeli lita 2.2, ya mwaka 2016, iliyoingia nchini ikiwa imeshatumika Uingereza. Alikuwa nayo mwaka mmoja na miezi minane. Dereva ni mtoto wa kaka yake.

Kazi yenyewe ni safari fupi. Kutoka ghalani hadi mashambani ni kilomita sita, kilomita tisa, njia ya vumbi, gia ya pili na ya tatu. Wakati vijana wanapakia, injini inaachwa ikiunguruma, kwa sababu ya baridi na kwa sababu ya redio. Lami ndefu gari lilikuwa linaiona mara moja kwa mwezi, pengine isifike. Oili ilikuwa inanunuliwa duka la karibu na stendi, ile ya galoni ya bei nafuu inayotiwa kwenye Fuso na trekta vilevile.

Hapo pana ufafanuzi kidogo, maana bila huo kisa hakitaeleweka. Mtaani kila mkebe mnene ulio kwenye bomba la moshi unaitwa masega. Kwenye dizeli za miaka ya karibuni, aghalabu mkebe huo una vitu viwili: mbele kichocheo kilichopakwa madini ya thamani, platinamu na paladiamu, nyuma yake chujio la masizi, ambalo mafundi tunaliita DPF. Chujio ni kauri yenye vijitundu kama sega la nyuki kweli, ila kila kitundu kimezibwa upande mmoja. Kilicho wazi mbele kimezibwa nyuma, na jirani yake ni kinyume chake. Moshi hauna njia isipokuwa kupenya ukuta, na masizi yanabaki nje ya ukuta.

Masizi yakikaribia kujaa, kompyuta ya gari inanyunyiza dizeli ya ziada baada ya mwako wa kawaida. Dizeli hiyo inaungua kwenye kichocheo, joto linapanda mpaka kama nyuzi 600, na masizi yanageuka gesi. Kazi hiyo inataka gari liwe linatembea kwa dakika kumi hadi ishirini. Ukizima katikati, masizi yamebaki, na sehemu ya ile dizeli ya ziada inateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Dereva wetu alikuwa anazima katikati karibu kila siku, bila kujua.

Kilichotokea

Taa ya njano iliwaka kwenye dashibodi. Dereva akaambiwa na wenzake kijiweni kwamba hiyo ni taa ya ekzosi tu, haina neno. Akakaa nayo wiki tatu.

Siku ya gulio, akiwa na magunia tisa ya lumbesa (na lumbesa ya kule si mchezo, gunia linashonewa kilemba), gari likakataa kupanda mlima. Halikuzima. Lilikataa tu kuvuka mizunguko 2,500 kwa dakika, likawa linasukuma kama ng'ombe aliyechoka. Wakateremsha magunia manne kando ya barabara, wakarudi kuyafuata usiku.

Kesho yake Mama K. alimpelekea fundi anayemtumia siku zote. Fundi hakukosea kutaja tatizo: masega yameziba. Dawa yake ilikuwa kuchana mkebe, kutoa vya ndani, kuuchomelea tena ili kwa nje uonekane mzima, kisha mtu wake wa kompyuta afute habari za chujio kwenye kontroboksi, yaani kompyuta ya gari. Na kwa kuwa wako pale pale, wangezibia na valvu ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, kwa kipande cha bati, kwani nayo ni "takataka za Ulaya". Bei Sh 450,000, gari linatoka siku hiyo hiyo.

Mama K. angekubali. Kilichomzuia ni kwamba yeye ni mchuuzi tangu akiwa msichana, na mchuuzi akiona bei imeshuka kuliko kazi, anauliza.

"Na hayo masega yenyewe yanaenda wapi?"

Fundi akajibu kwamba yanatupwa. Mama K. akasema basi yeye atayachukua akayatupe mwenyewe. Hapo fundi akanyamaza, akaanza kufuta mikono kwa tambara iliyokuwa chafu kuliko mikono. Jioni ile mtoto wa kaka yake akanipigia simu.

Kabla ya kuamua, kupima

Nilifika asubuhi na mapema. "Kamwene," Mama K. akanisalimia, kisha bila kunikaribisha kiti: "Fundi, nimeambiwa ning'oe. Wewe unasemaje?" Nikamwambia siwezi kusema kitu kabla sijaona namba.

Kitu cha kwanza sikukitafuta kwa kompyuta. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepita alama ya juu kwa karibu sentimita mbili. Gari lenye umri ule linatakiwa kupunguza oili, si kuongeza. Nikadondosha tone moja kwenye pembe ya gazeti, tukangoja. Katikati kukabaki doa jeusi, na kuzunguka doa likaenea duara pana la unyevu uliong'aa, lenye harufu ya kituo cha mafuta. Ile ilikuwa dizeli ndani ya oili. Mama K. aliinusa mwenyewe. Nadhani tone lile lilimshawishi kuliko yote niliyosema baadaye.

Kisha mashine. Gari likiunguruma bila kukanyagwa, tofauti ya mgandamizo kati ya mbele na nyuma ya chujio ilikuwa milibari 41. Kwa chujio safi la ukubwa ule nategemea chini ya kumi. Kwenye mizunguko 2,500 ilipanda hadi 190. Kompyuta ilikadiria masizi kuwa asilimia 138 ya kiwango cha kujaa, na historia ilionyesha majaribio mengi ya kuchoma yaliyoanzishwa na kukatishwa.

Lakini safari fupi peke yake hazikuwa zinanitosha kama maelezo. Masizi yalikuwa mengi mno kwa kilomita alizotembea. Nilipopitisha mkono chini ya paipu ya mpira inayotoka kwenye turbo kwenda kwenye intakula (kipoza hewa ya turbo), vidole vikarudi na oili nyeusi. Paipu ilikuwa imepasuka kwa chini, ufa wa urefu wa kidole gumba, mahali ambapo huuoni mpaka uuguse. Turbo ilikuwa inasukuma hewa, nusu yake inatokea pale. Injini ikipata mafuta ya kutosha na hewa pungufu, inatoa masizi. Chujio lilikuwa linakusanya uchafu wa ugonjwa mwingine.

Uamuzi na sababu zake

Njia zilikuwa tatu. Kung'oa. Kununua chujio jipya, ambalo kwa bei tuliyopata Dar es Salaam lingekaribia milioni tano, na hilo halikuzungumzwa zaidi ya dakika moja. Au kutibu chanzo, kisha kulisafisha lililopo.

Hoja za kung'oa hazikuwa za kipuuzi, na sipendi mafundi wanaozidharau. Ni rahisi, ni haraka, na barabarani askari anaangalia moshi kwa macho. Sijawahi kuona gari dogo likipimwa moshi kwa mashine njiani huko kwetu. Hoja iliyorudiwa zaidi ilikuwa kwamba mafuta yetu hayawezi masega. Hiyo ilikuwa na ukweli zamani. Tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekubaliana dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni, wakati kabla ya hapo ilikuwa 500. Ulaya wako kwenye 10. Kwa 50 chujio la gari hili linaishi. Kinachoniogopesha zaidi ni dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa kwenye madumu ya njiani, na hiyo inaua pampu na nozeli za kunyunyizia mafuta kabla haijafika kwenye masega.

Kwa upande wa sheria, Tanzania ina kanuni za viwango vya ubora wa hewa za mwaka 2007, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na moshi wa magari umo. Kenya nayo ilitunga za kwake mwaka 2014. Huko pikapu ilikotoka, tangu Februari 2014 gari lililotengenezwa na chujio likikutwa halina, linaanguka ukaguzi wa kila mwaka. Nilimweleza Mama K. haya yote, akatikisa kichwa kwa adabu. Hayakumgusa.

Kilichomgusa ni banda. Pikapu inaingia kinyumenyume ndani ya banda la kuchambulia viazi, inakaa ikiunguruma, na wanawake kumi na wawili wameketi chini, vichwa vyao usawa wa bomba la moshi. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, liliuweka moshi wa dizeli Juni 2012 katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa sigara. Nilimwambia hilo kwa maneno machache. Nikaongeza kwamba moshi hatari zaidi si ule mweusi unaouona, ni vumbi laini lisiloonekana, na hilo ndilo chujio linashika zaidi ya asilimia tisini. Akauliza kama kuzima injini ndani ya banda kungetosha. Nikasema kungesaidia sana, na izimwe kuanzia leo, masega yawepo au yasiwepo.

Jambo la mwisho lilikuwa la kibiashara tupu. Ukisafisha na ikashindikana, bado unaweza kung'oa wiki ijayo. Ukishang'oa na mkebe ukauzwa kwa wanunuzi wa masega wanaofuata madini yale, hurudi nyuma. "Basi tuanze na inayorudi," akasema.

Kuhusu EGR, nilikataa bati. Valvu ile inarudisha sehemu ya moshi ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako, na hivyo kupunguza oksidi za naitrojeni. Ukiiziba, kompyuta inaandika kosa, na kwenye magari mengi kosa la EGR linazuia chujio lisijichome. Yaani ungeokoa chujio kwa mkono mmoja ukaliua kwa mwingine.

Kazi, pamoja na nilipokosea

Tulianza na paipu ya turbo, kisha oili mpya ya majivu machache, daraja la C3, na filta yake. Oili ya galoni ya stendi ina viungo vinavyoacha majivu mengi, na majivu hayaungui kwa joto lolote la ekzosi. Yanabaki kwenye chujio milele mpaka uyaoshe.

Kosa langu la kwanza: jioni hiyo nilijaribu kulazimisha chujio lijichome gari likiwa limesimama, ilhali nilikuwa nimeshaona asilimia 138. Nilitaka kumwokolea mama gharama ya kufungua, na nilitaka kuwahi. Kompyuta ilikataa, na ilikuwa na haki. Masizi mengi kiasi kile yakiwaka kwa pamoja yanaweza kuyeyusha kauri. Nilipoteza saa tatu, na nikamfanya dereva aamini kwa usiku mmoja kwamba fundi wa kwanza alikuwa sahihi.

Kosa la pili liligharimu zaidi. Nilisema siku mbili. Magari ya Uingereza yanatembea juu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa barafu, na kutu yake kwa chini inajulikana. Nikafungua sensa ya joto, kifaa cha kupima joto la moshi, bila kuipa mafuta ya kulainisha usiku kucha. Ikakatikia ndani. Mpya ilibidi itoke Dar es Salaam kwa basi, ikachukua siku nne. Sensa ile niliilipia nusu.

Chujio lenyewe tulilisafisha kwa dawa maalumu na maji ya kawaida, tukipitisha kutoka nyuma kwenda mbele, kinyume na njia ya moshi. Dereva alikuwa ameshauriwa kijiweni atumie petroli, na mwingine akamwambia maji ya betri. Petroli inabaki kwenye vitundu na itawaka siku ya kwanza joto likipanda. Asidi inakula mpako wa kichocheo. Hata pampu ya kuoshea magari nimeikataa, kani yake inavunja kuta. Maji ya kwanza yalitoka kama wino. Ya saba yalitoka kijivu, rangi ya majivu ya jikoni, na hapo nikajua tumefika kwenye uchafu usioungua.

Kupima kazi tulitumia mizani ya duka la vifaa jirani, ile ya misumari. Kabla ya kuosha, gramu 9,460. Baada ya kuosha tulilikausha juani na kwa feni, tukapima asubuhi na jioni mpaka uzito ukakoma kushuka: gramu 9,310. Gramu 150 za masizi na majivu zilikuwa zimeketi mle ndani. Vijana wa dukani waliokuja kushangaa walidhani tunapima madini.

Siku ya sita tulifunga, nikasafisha valvu ya EGR, nikafuta makosa, tukashika lami kuelekea mji wa Makambako tukiwa na mzigo wa wastani. Nilimtaka dereva asikimbie, ila abaki gia ya chini moja kuliko alivyozoea, mizunguko ipite 2,000. Karibu na kilomita ya thelathini joto la ekzosi likapanda: 480, 560, 610. Dereva akashtuka kwa harufu. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu aliyokuwa akiikatisha kila siku. Likashuka lenyewe baada ya dakika kumi na nne. Tuliporudi, milibari 6 gari likiunguruma, 38 kwenye 2,500.

Gharama

Matengenezo yote yalifika Sh 1,150,000: paipu 120,000, oili na filta 260,000, kufungua, kuosha na kufunga 350,000, sehemu yake ya sensa 190,000, EGR 90,000, vipimo na mafuta ya majaribio 140,000. Juu ya hapo alikodi Canter siku sita kwa 130,000 kwa siku, yaani 780,000 nyingine. Sitaficha kwamba ukilinganisha jumla hiyo na 450,000 za fundi wa kwanza, mimi ndiye niliyekuwa ghali.

Ila ofa ile haikugusa paipu wala oili. Gari lingetoka gereji likiwa na nguvu kwa sababu njia ya moshi iko wazi, huku paipu imepasuka na oili imechanganyika na dizeli inazunguka kwenye beringi za turbo. Zile 380,000 za paipu na oili angezilipa hata hivyo, au angelipa turbo. Kilichobaki kama tofauti halisi ni 320,000 za kazi pamoja na siku za Canter, na siku nne kati ya sita ni zangu mimi na sensa yangu.

Nikitazama nyuma

Kilichofanya kazi ni kutafuta masizi yanatoka wapi kabla ya kubishana yaende wapi. Chujio lililoziba ni mlalamikaji. Mara nyingi nimekuta nyuma yake paipu iliyopasuka, nozeli inayovuja, au sensa ya mgandamizo yenye kijipaipu kilichotoboka ambayo inaidanganya kompyuta. Ukimfukuza mlalamikaji, shauri linabaki.

Hata hivyo si haki kumtupia dereva kila kitu. Kuna mifumo iliyotoka kiwandani ikiwa dhaifu. Aprili 2022 Mahakama ya Shirikisho ya Australia iliamua kwamba magari ya dizeli ya Toyota yapatayo 264,000 yaliyouzwa huko kati ya 2015 na 2020 yalikuwa na kasoro katika mfumo wa chujio, ambao haukuweza kujisafisha ipasavyo hasa kwenye mwendo wa kasi wa barabara kuu. Kiasi cha fidia kilipiganiwa kwenye rufaa baadaye. Gari la Mama K. si la kundi hilo, lakini fundi anayesoma haya asidhani kila mara kosa liko kwa mtumiaji.

Kilichoshindikana, mbali na makosa yangu, ni maelekezo. Nilimkabidhi dereva gari na maneno mengi, yakamwingilia sikio hili yakatokea lile. Miezi mitatu baadaye taa ikawaka tena. Sikwenda. Nilimwambia kwa simu ashike lami bila kusimama, taa ikazima kabla hajafika njia panda. Baada ya hapo shangazi yake ndiye aliyepanga upya kazi: mzigo wa Makambako uliokuwa unapelekwa na gari la kukodi sasa unapelekwa na pikapu kila Jumamosi. Taa iliwaka mara moja tu tena, mwezi wa kumi na moja tangu matengenezo, baada ya klipu ya paipu kulegea. Kwenye banda injini inazimwa. Redio wamenunua ya betri.

Mwezi wa kumi na nne Mama K. alinipigia: amenunua pikapu ya pili kwa mtu wa Dar es Salaam, dizeli, umri kama wa ile ya kwanza, na muuzaji amemhakikishia kwamba "haina kabisa shida ya masega". Nikaenda na mashine. Milibari sufuri gari likiunguruma. Nikakanyaga hadi 2,500, sufuri. Hadi 3,000, sufuri. Nikalala chini nikagonga mkebe kwa spana, ukalia kama debe tupu, na upande wa juu, pasipoonekana, mshono wa kuchomelea ulikuwa umepakwa rangi ya fedha.

"Jipya ni milioni ngapi ulisema?" akauliza.

Nikamtajia. Alisimama kitambo akiitazama, kisha akamwambia kijana aiegeshe nje, mbali na banda. Mpaka naandika haya iko nje.